Barabara Yetu ni Tambarare

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Nesi,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi na redio. Mimi mzima, ila goti la kushoto tu, nalo umelizoea. Wiki ya pili sasa tangu uje ulichukue gari la marehemu baba yako uende nalo huko kazini. Kila nikifungua dirisha la mbele naona pale lilipokuwa linakaa, limebaki doa, nafunga. Nimemwaga maji ya sabuni, halitoki.

Sasa sikiliza. Hicho kituo cha afya walichokupangia sikijui, njia yake siijui, na siku ile ulikuwa mbiombio hata chai hukumaliza. Kwa hiyo nakuandikia kila kitu. Usiendeshe na viatu vilivyolowa. Kandambili usivae kabisa, zinaingia chini ya pedali. Usiache tangi likauke, uchafu wa chini unapanda kwenye injini, baba yako alikuwa anasema. Tairi la akiba litie upepo, maana lisipokuwa na upepo unabeba mzigo tu. Usiegeshe chini ya mti wenye ndege. Angalia panya, wanatafuna nyaya. Ukiona unga wa kijani kwenye vichwa vya betri, mwagia maji ya moto, lakini usijimwagie wewe. Usimpe lifti mtu mwenye miwani ya giza. Ukitoka zamu usishike usukani, lala kwanza hata nusu saa.

Na lile ulilonikanya nimelishika. Sikugusa chochote ndani ya boneti kabla hujaja. Nilipangusa nje na viti, basi. Ile ya kuosha injini kwa sabuni ilikuwa mwaka juzi na tulishaimaliza, fundi wa kona mwenyewe ameacha kunicheka, au anakaribia kuacha.

Niambie njia ikoje. Ukisema kuna mlima sitalala.

Mama yako

*

Tarehe 14 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili kwa sauti, kwenye chumba cha chai, kwa sababu wenzangu waliniona nacheka wakataka kujua kuna nini. Huyo wa miwani ya giza amewashinda kabisa. Mkunga mkuu anasema wewe ungefaa kuwa trafiki.

Usiwe na wasiwasi. Barabara yetu ni tambarare kama meza. Kutoka nyumba ya wauguzi hadi kituoni ni dakika tano. Mara moja kwa mwezi naenda hospitali kubwa kuchukua dawa, polepole, spidi arobaini, hamsini. Mlima hakuna.

Gari zima. Kitu kimoja tu, naomba umuulize Mjomba Honi, maana huku hakuna fundi, yuko seremala anayejifanya fundi. Pedali ya breki imekuwa nzito. Nikifika magurudumu ya mbele yananuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Wakati wa kurudi, likipanda kwa gia ya kwanza, linavuta kama kuna mtu amelishika nyuma. Likipoa linakuwa sawa. Pengine ni uzee tu.

Goti ulipake ile dawa niliyokuachia. Usiitunze kwa ajili ya wageni.

Mwanao,
Nesi

*

Tarehe 22 Februari

Kaka yangu Honi,

Salamu kwako na kwa wifi yangu, na kifua chake natumaini kimetulia. Nakuandikia wewe kwa sababu umeendesha malori miaka thelathini, na kwa sababu fundi wa kona siwezi kumwambia. Yule akilala chini ya gari anaongea na mtaa mzima, miguu tu ndiyo unaiona, sauti iko kila mahali.

Kaka, nimefanya kitu. Siku moja kabla mpwa wako hajaja kuchukua gari, nilifungua boneti. Alinikataza, lakini nilitaka alikute lilivyokuwa enzi za mwenyewe. Nikaona kile kichupa cheupe kidogo, upande wa dereva karibu na kioo, kimeshuka chini ya mstari. Unamjua shemeji yako, kwake hakuna kitu kilichoruhusiwa kuwa chini ya mstari. Kwenye rafu yake kulikuwa na kopo moja tu lenye kitu ndani, oili ya injini, tena safi, haijatumika. Nikajaza mpaka kwenye mstari. Nikafuta na kitambaa. Nikafurahi, nakuambia ukweli.

Sasa mtoto anaandika kwamba pedali ya breki imekuwa nzito, magurudumu ya mbele yananuka kama pasi, na wakati wa kurudi likipanda kwa gia ya kwanza linavuta kama limeshikwa. Nimekunakilia maneno yake kama alivyoandika. Je, ni ile oili? Au ni uzee kama anavyosema mwenyewe?

Nijibu mimi, yeye usimwandikie. Nimeshamwambia sikugusa kitu.

Dada yako

*

Tarehe 1 Machi

Dada,

Ni ile oili.

Kile kichupa ni cha breki. Kina mafuta yake peke yake, hayachanganywi na kitu. Ndani ya breki kuna raba, ndogo kama vifuniko vya chupa za dawa. Oili ya injini ikizigusa zinavimba. Kwanza breki zinashika zenyewe, zinachemka na kunuka, kama anavyoandika. Baadaye raba zinalainika. Siku hiyo atakanyaga pedali, itashuka mpaka chini, na gari litaendelea na safari yake.

Siku gani, sijui. Nimeona lori lililochukua wiki mbili na lililochukua miezi mitatu. Kwenye tambarare mtu anabaki na nafasi, atapunguza gia, atavuta breki ya mkono, ataingia shambani kwa watu. Kwenye mteremko hana.

Mwandikie leo asiliendeshe. Raba zote zibadilishwe, mabomba yote yaoshwe. Ukiona haya, mwandikie na haya zako hivyo hivyo.

Najua hukufanya kwa ubaya. Breki hazijui hilo.

Kaka yako,
Honi

*

Tarehe 5 Machi

Mwanangu Nesi,

Hujambo mama? Mimi sijambo, dawa ya goti naipaka, ila inanuka mpaka jirani ameuliza ninapika nini. Nilimsomea pale uliposema barabara ni tambarare kama meza. Akasema una bahati, wenzako wanapelekwa porini. Nimeshukuru sana kwa hiyo barabara. Hujui nimeshukuru namna gani.

Mjomba wako nimemuuliza na amejibu. Nayapanga ili nisisahau. La kwanza, upepo wa tairi upime asubuhi likiwa baridi, jioni unadanganya. La pili, maji ya rejeta usifungue likiwa la moto, utaungua uso, na uso wako naupenda. La tatu, nazirudia kandambili. La nne, dashibodi ifunike na kitenge, jua linaipasua. La tano, ukisikia mlio mpya usipandishe redio ili usiusikie, baba yako alikuwa na tabia hiyo. La sita, usikae na robo tangi ukitegemea kesho. La saba, mjomba anasema breki ziangaliwe na mafuta yake yabadilishwe na raba pia, ukipata nafasi, si lazima uache kazi, ila kwa sasa uendeshe kidogo kidogo tu na usiende mbali. La nane, waipa zako zimekwisha, mvua ikianza utaona ukungu mtupu. La tisa, kioo cha pembeni kisafishe kabla ya kuondoka, si ukiwa njiani na mkono nje.

Ukija likizo ya Juni tutampa fundi wa kona alitazame lote. Nitamwambia afanye kimyakimya.

Nakukumbuka sana. Nakuombea kila siku, siku hizi mara mbili.

Mama yako

*

Tarehe 13 Machi

Mama, shikamoo.

Umeleta sherehe kituoni. Tumeyapigia kura mashauri yako tisa. La tano, la kupandisha redio, limeshinda kwa mbali, kwa sababu kila mtu ana baba wa namna hiyo. La pili limekuja nyuma yake, wakasema hapo penye uso ndipo palipowagusa. Mkunga mkuu ameomba lile la kioo libandikwe mlangoni.

Breki nitaziangalia nikija Juni. Pedali si nzito tena, sasa imekuwa laini. Kuna siku inashuka zaidi ya kawaida, lakini nikiikanyaga mara mbili haraka haraka inarudi juu. Nimeshaizoea. Kila gari la zamani lina namna yake ya kusalimiwa.

Kazi ni nyingi lakini naiweza. Waipa nimenunua. Kuhusu kuendesha kidogo kidogo, wala usijali, hapa sina pa kwenda. Barabara yetu haina hata kituta.

Mwanao,
Nesi

*

Tarehe 21 Machi

Kaka Honi,

Nimemwambia kama ulivyosema. Amejibu kwamba ataziangalia Juni. Anasema pedali si nzito tena, imekuwa laini, kuna siku inashuka, akiikanyaga mara mbili inarudi. Hiyo si nafuu? Mimi nimeichukua kama nafuu.

Na barabara yao ni tambarare kama meza, haina hata kituta, ameandika mwenyewe. Kwa hiyo ile nafasi uliyosema anayo. Kaka, niambie kwamba anayo. Tangu barua yako ifike kila nikisikia gari linafunga breki hapo nje nasimama, hata kama nilikuwa nimekaa na sahani mapajani. Juzi nimevunja moja.

Dada yako

*

Tarehe 25 Machi

Dada,

Barua hii nampa kondakta wa basi akuletee mkononi. Isome ukiwa umesimama.

Umemwambia, au umemtajia? Mtu aliyeambiwa haandiki "nimeshaizoea".

Pedali ikiwa laini si nafuu. Raba zimeanza kuachia.

Halafu soma uliyoninakilia mwezi uliopita. Likipanda kwa gia ya kwanza. Juu ya meza mtu anapanda wapi? Nilikwenda stendi nikamuuliza dereva wa basi linalopita huko. Kituo cha afya kiko juu kabisa mlimani. Hospitali kubwa iko chini. Kati yao ni kilomita saba za mteremko, kona kumi na moja. Basi lenyewe linashuka kwa gia ya kwanza, na kondakta anakaa mlangoni na gogo la kuzuia gurudumu.

Mtoto anamdanganya mama ili mama alale. Mama anamficha mtoto ili asione haya. Mnatunzana vizuri sana.

Posta ni siku nane. Basi ni siku mbili. Linaondoka kesho saa moja asubuhi, mpe kondakta huyu huyu. Na safari hii andika jambo moja.

Honi

*

Tarehe 26 Machi

Nesi,

Usiliwashe gari. Nilitia oili ya injini kwenye kichupa cha breki, mimi mwenyewe, siku moja kabla hujaja. Breki zitaachia. Mjomba aliniambia mwanzo wa mwezi nami nikakuficha. Mteremko naujua.

Mama

*

Tarehe 2 Aprili

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kwa mpangilio, kama tunavyoandika taarifa za wagonjwa, kwa sababu kwa namna nyingine sitamaliza.

Basi lilifika tarehe 28, saa tano asubuhi. Gari lilikuwa limeshawashwa. Kiti cha nyuma alikuwapo mama mjamzito, mimba ya kwanza, mtoto amelala vibaya tumboni, na mkunga mkuu amemshika. Tulikuwa tunashuka kwenda hospitali kubwa. Kondakta akanipa bahasha dirishani. Niliiona nyembamba, nikasema nitaisoma nikirudi.

Akasema, "Hapana, dada. Mwenye barua kanishika shati. Kasema usome mbele yangu, na nisiondoke mpaka nikuone umemaliza."

Abiria walikuwa wanampigia kelele. Mmoja akasema, "Konda, umekuwa posta sasa?" Nikaisoma ili basi liondoke.

Nikazima gari. Nikakanyaga breki mara tatu pale pale, likiwa limesimama. Ya kwanza ilishika. Ya pili ilishika. Ya tatu ilishuka mpaka kwenye zulia na haikurudi.

Yule mama tulimpandisha kwenye basi. Wale wale waliokuwa wanapiga kelele ndio walioshuka kumpisha alale, na aliyemtania kondakta alimvulia koti lake. Alijifungua kwa upasuaji saa nane na nusu. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Wote wazima. Chumba cha chai hakijui kitu. Barua nilimpa mkunga mkuu peke yake, akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Hakuisoma kwa sauti.

Nimekasirika, Mama. Mpaka leo. Oili si kitu, mtu yeyote angeweza kutia oili. Kinachoniuma ni kwamba uliiweka ya saba, baada ya robo tangi na kabla ya waipa. Tuliipigia kura. Haikupata hata moja.

Nilikaa na hasira hiyo siku mbili, nikiitunza vizuri. Siku ya tatu nikakumbuka ile meza. Huku hakuna tambarare hata ya kuweka beseni. Nyumba yangu ina ngazi kumi na nne. Na siendi kuchukua dawa mara moja kwa mwezi. Gari la kituo halina injini tangu mwaka jana, kwa hiyo nashusha wagonjwa, kuna wiki nashusha mara tatu. Nilikudanganya kuanzia barua ya kwanza, na sikuona tabu hata kidogo, nilijiona mtoto mwema. Ungeujua huo mteremko ungeniambia siku ile ile uliyojua wewe. Hilo nalo nimeliandika kwenye taarifa.

Gari liko juu ya mawe. Fundi wa hospitali kubwa atapanda wiki ijayo na raba mpya. Akimaliza, akalijaribu na mimi nikalijaribu, nitaliendesha tena. Nakuambia sasa ili usije ukasikia kwa kondakta.

Nyuma ya karatasi hii nimekuchorea barabara yote, kutoka kituoni hadi hospitali, kona zote kumi na moja kama zilivyo. Ya tisa haina ukingo.

Mwanao,
Nesi

*

Tarehe 10 Aprili

Mwanangu Nesi,

Nimepokea. Nimekaa.

Ule mchoro nimeuweka mezani, nikaukandamiza na kikombe pembeni usikunjike, nikapita na kidole kutoka juu hadi chini. Kona ya nne na ya tano zimekaribiana mno, nikadhani umekosea. Nikaenda stendi kumuuliza dereva wa basi. Akasema hujakosea.

Umeniuliza kwa nini, ingawa hukuandika swali. Niliogopa utasema mama asikaribie tena kitu cha baba yako. Ndiyo sababu yenyewe. Nimeigeuza kila upande haiongezeki, ni hiyo hiyo ndogo. Nilipokuwa naiandika ile ya saba nilisema akiisoma ataelewa, mwenyewe msomi. Halafu nikaweka waipa juu yake kama mtu anayefunika chungu. Nisamehe. Na ukichelewa kunisamehe nitasubiri, nipo.

Huyo mwanamke na mtoto wake wa kilo tatu na robo uwasalimie. Usiwaambie mimi ni nani.

Nilitaka kukuambia usiliendeshe tena. Nimeandika karatasi mbili nzima za usiliendeshe, nzuri sana, zote nimewashia moto wa chai. Wagonjwa hawatajishusha wenyewe. Nimelielewa hilo, hata kama sijalipenda.

Naomba kitu kimoja tu, na unijibu kweli, hata kama unajua sitapenda. Kona ya tisa, hiyo isiyo na ukingo. Ukiwa unashuka, bonde liko upande wako au upande wa abiria?

Mama yako

*

Tarehe 18 Aprili

Mama, shikamoo.

Upande wangu.

Mwanao,
Nesi